Injini na Kiu Yake: Maji ya Kupoozea Magari katika Historia ya Likasi

Likasi, mji wa pili kwa ukubwa katika mkoa wa Haut-Katanga, umejengwa juu ya nyanda zilizo takriban mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali kwa mtu asiye na blanketi, lakini si baridi ya kugandisha maji ndani ya rejeta ya gari. Hata hivyo maduka ya vipuri ya mji huo, kama yale ya Lubumbashi, Ndola na Dar es Salaam, huuza madumu ya kipoozaji, yaani kimiminika cha rangi ambacho sokoni huitwa kulanti na ambacho kilibuniwa kwanza ili maji ya injini yasigande katika majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo madereva wengi wamekichukulia kuwa anasa isiyowahusu, wakaridhika na maji ya bomba au ya kijito. Historia ya mji wenyewe haiungi mkono imani hiyo. Inaonyesha kwamba desturi ya kubeba dumu la maji na kuongeza kila yanapopungua haikuzaliwa na uzembe, bali ilirithiwa kutoka kwa mashine ambazo kwa kweli zilikunywa maji, ikaendelea kuishi baada ya mashine hizo kutoweka, kisha ikapata nguvu mpya pale taasisi zilizokuwa zikiisahihisha zilipoanguka.

Mashine za kwanza zilizoingia Katanga ya juu ziliendeshwa kwa mvuke, na injini ya mvuke haipoozwi kwa maji bali huyatumia yakaisha: maji huchemshwa katika boila, mvuke husukuma pistoni, kisha sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka kwa dohani na kupotea hewani. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Ikafika Kambove, kaskazini-magharibi ya Likasi, mwaka 1913, na Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Kama ilivyokuwa kwa kila reli ya mvuke duniani, safari ilipimwa kwa maji sawa na ilivyopimwa kwa makaa, na matangi ya kando ya njia pamoja na watu wa kuyajaza yalikuwa sehemu ya reli sawa na mataruma yake.

Hakuna tukio linaloonyesha kiu hiyo waziwazi kuliko safari ya mwaka 1915, wakati Uingereza ilipotaka kuwaondoa Wajerumani katika Ziwa Tanganyika na kumtuma ofisa wa majini Geoffrey Spicer-Simson na boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou. Boti hizo zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, zikapandishwa kwa reli kupitia Rhodesia hadi Katanga, zikapita katika eneo la Likasi na Kambove, na kushushwa Fungurume, ambako reli ilikuwa imekoma. Kuanzia katikati ya Agosti hadi mwishoni mwa Septemba ziliburutwa kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikivutwa na trekta mbili za mvuke zikisaidiwa na makundi ya ng'ombe, juu ya njia iliyokuwa ikikatwa msituni na madaraja ya magogo yaliyojengwa papo hapo. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vijito vilikuwa vimekauka, na trekta zilikuwa zikitaka maji kila baada ya mwendo mfupi. Waliozinusuru hawakuwa wahandisi. Walikuwa wanawake wa vijiji vya jirani, waliotembea maili nyingi wakiwa na vyungu na vibuyu vichwani ili kuzijaza boila. Vitabu vya vita huwakumbuka zaidi maofisa, na huitaja meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo wasafiri wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Lakini bila vyungu vile boti zisingalifika ziwani, wala zisingaliiteka Kingani mnamo Desemba 26, 1915. Huo ndio ukurasa wa kwanza wa historia ya kuongeza maji katika mashine kwenye barabara za Katanga, nao uliandikwa na wanawake ambao majina yao hayakuhifadhiwa.

Magari ya petroli yaliyofuata yalikuwa na tabia tofauti kwa nadharia, lakini kwa macho ya dereva yalifanana na mashine za mvuke. Ndani ya injini ya petroli au dizeli, mafuta huwaka katika silinda na kutoa joto ambalo sehemu yake tu hugeuzwa kuwa mwendo. Linalobaki lazima liondolewe, la sivyo metali itapanuka hadi pistoni ikwame, hali ambayo makanika huieleza kwa kusema injini imenoki. Maji huzunguka katika mifereji iliyozizunguka silinda, hubeba joto hadi kwenye rejeta, ambayo ni mkusanyiko wa vijibomba vyembamba vinavyopulizwa na upepo, kisha hurudi yakiwa yamepoa. Umbo la rejeta ya vijibomba vingi lilikamilishwa na Mjerumani Wilhelm Maybach mwanzoni mwa karne ya 20. Gari la Ford la aina ya T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908 na kusambaa katika makoloni mengi, halikuwa hata na pampu ya maji isipokuwa katika magari yake ya mwanzo kabisa: lilitegemea tu kanuni kwamba maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka. Mfumo huo ulikuwa wazi kwa hewa, kwa hiyo kila mlima ulipokuwa mrefu na jua kali, maji yalichemka na kutoka kama mvuke. Dereva wa miaka ya 1920 aliyebeba debe la maji nyuma ya gari alikuwa akifanya jambo sahihi kabisa, kwa sababu upungufu wa maji ulikuwa sehemu ya kazi ya gari, si dalili ya ugonjwa.

Katika nchi za baridi tatizo lilikuwa kinyume chake. Maji yakiganda hupanuka, na nguvu ya barafu hiyo hupasua chuma cha injini. Kwa hiyo wenye magari walichanganya maji na spiriti, gliserini au chumvi, kila dawa ikiwa na kasoro yake, kwa maana spiriti iliruka kwa joto na chumvi ilikula chuma. Suluhisho lilikuwapo maabarani tangu karne ya 19, kwa kuwa Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz alikuwa ametengeneza ethilini glaikoli, kimiminika kizito kisicho na rangi chenye ladha tamu, katika miaka ya 1850. Mnamo 1927 kampuni ya Union Carbide ya Marekani ilianza kuiuza kwa jina la Prestone kama dawa ya kuzuia mgando. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, haigandi hadi kufikia takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Katanga haikuhitaji sifa hiyo. Sifa iliyoihitaji ilikuwa ile ya pili, ambayo wauzaji wa wakati huo hawakuipigia debe sana: mchanganyiko huohuo huchelewa pia kuchemka kuliko maji matupu.

Hapa kimo cha mji kina maana kubwa. Kiwango cha kuchemka kwa maji hupungua kadiri mtu anavyopanda juu, kwa sababu hewa inayoyakandamiza maji huwa nyepesi. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 huko Mombasa au Dar es Salaam huchemka kwa nyuzi 96 hivi mjini Likasi. Tofauti ya nyuzi nne haimsumbui mpishi wa maharage isipokuwa kwa kumchelewesha, lakini kwa injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95 ina maana kwamba nafasi ya usalama karibu haipo. Gari lililobuniwa kwa tambarare za Ubelgiji lilipopanda vilima vya Mulungwishi, kaskazini-magharibi ya mji, likiwa na shehena katika joto la Oktoba kabla mvua hazijaanza, lilichemsha bila kosa la mtu yeyote.

Mji ulipokua, uliongeza sababu yake ya pekee ya injini kuchemsha. Likasi ilipewa jina la Jadotville mwaka 1931, kwa heshima ya Jean Jadot wa Société Générale de Belgique, miaka miwili tu baada ya kiwanda cha Shituru kuanza kusafisha shaba kwa umeme. Umeme mkubwa kutoka maporomoko ya mto Lufira, huko Mwadingusha, ulifika mwaka 1930. Viwanda hivyo vilihitaji chokaa kwa wingi, nayo ilipatikana jirani, kwenye machimbo ya Kakontwe, mahali ambapo pamewapa wanajiolojia jina la tabaka zima la mawe ya chokaa linaloenea katika eneo hilo. Maji yanayopenya katika mawe kama hayo huyeyusha kalisi na magnesi, nayo huitwa maji magumu: hayatoi povu vizuri kwa sabuni, na yakichemshwa huacha ukoko mweupe ambao kila mama mwenye birika anaujua. Ndani ya injini ukoko huo hujipaka penye joto kali zaidi, yaani kwenye kuta za silinda na katika matundu membamba ya rejeta, na kwa kuwa chokaa haipitishi joto vizuri, unene mdogo tu unatosha kuifanya injini ipate homa hata kama rejeta imejaa pomoni. Dereva anayeongeza maji magumu kila siku hujaza rejeta kwa jicho lake huku akiiziba kwa ndani.

Wahandisi wa boila walilijua jambo hilo mapema, na ndiyo sababu boila za reli ziliwekewa zamu za kuoshwa na kukwanguliwa. Maarifa hayo yalikuwa ya taasisi zaidi kuliko ya mtu binafsi. Kampuni yenye garimoshi, mitambo na magari ya kazi ilikuwa na maabara iliyopima maji, ghala lililotoa vipuri kwa hati, na msimamizi aliyeuliza kwa nini gari fulani limepungukiwa na maji mara kwa mara. Fundi Mkongo aliyepitia karakana hizo, chini ya utawala wa kibaguzi uliomfungia milango mingi ya cheo, alijifunza hata hivyo nidhamu ya kutafuta chanzo cha upungufu kabla ya kujaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 njia ya reli kati ya Jadotville na Tenke iliwekewa umeme, na mashine za kunywa maji zikaanza kuondoka kwenye njia hiyo. Lakini desturi ya debe ilikwisha kuhamia barabarani.

Mwaka 1961 maji ya Jadotville yaliingia katika habari za dunia kwa sababu nyingine. Katanga ilikuwa imejitangazia kujitenga mnamo Julai 11, 1960, na kuanzia Septemba 13 hadi 17 ya mwaka uliofuata kikosi cha askari wapatao 155 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, kilizingirwa kando ya mji. Miongoni mwa silaha zao zilikuwamo bunduki za rashasha za Vickers, ambazo mtutu wake hupoozwa kwa maji yaliyo ndani ya koti la chuma, sawa na silinda ya gari. Maji ya kunywa yalikatika, na helikopta pekee iliyofanikiwa kutua ilileta maji katika madumu yaliyokuwa yamebeba mafuta, yasiyonyweka. Wanahistoria wa vita wameyachambua mashambulizi kwa urefu. Mwanahistoria wa ufundi angeongeza kwamba dumu lenye kazi mbili, ambalo leo hubeba mafuta na kesho maji, ni balaa ya zamani katika barabara za Katanga, na bado halijaondoka.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa kuliko yote katika upoozaji wa magari, ingawa yalipita kimya. Tangu miaka ya 1930 watengenezaji walikuwa wameanza kuweka kwenye rejeta kifuniko chenye springi, ambacho huzuia mvuke usitoke hadi presha ifikie kiwango fulani. Maji yaliyo chini ya presha huchelewa kuchemka: kifuniko kinachohimili presha ya bar 1 juu ya ile ya hewa hupandisha kiwango cha kuchemka mjini Likasi kutoka nyuzi 96 hadi karibu 118, na kipoozaji cha glaikoli huongeza nyuzi kadhaa zaidi. Kisha mwaka 1961 kampuni ya Renault ilitoa gari lake la Renault 4, ambalo lilitangazwa kwa sifa ya kuwa na mfumo wa kupoozea uliofungwa kabisa, wenye chombo cha pembeni kinachopokea kimiminika kinapopanuka kwa joto na kukirudisha kinapopoa. Kuanzia hapo maana ya upungufu ilibadilika. Gari lenye mfumo uliofungwa halipaswi kunywa kitu. Likipungukiwa, kuna mahali panapovuja, na kuliongezea maji bila kupatafuta mahali hapo ni kuficha ushahidi. Desturi ya dumu, iliyokuwa busara kwa mashine ya mvuke na kwa Ford ya zamani, ikawa kosa bila ya desturi yenyewe kubadilika hata kidogo.

Wapo waliolikwepa tatizo lote. Gari dogo la Volkswagen lenye mgongo wa mviringo, lililopendwa katika makoloni ya Ulaya na baada ya uhuru, lilipoozwa kwa upepo wa feni peke yake, bila rejeta wala maji. Katika mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na baadaye kujulikana kama Safari Rally, gari hilo lilishinda mara nne kufikia mwaka 1962, likiyapita magari yenye nguvu zaidi ambayo yalikuwa yakichemsha milimani. Ushindi huo haukuwa wa kasi tu. Ulikuwa hoja kwamba katika nchi ya barabara ndefu na maji machache, kifaa kisichokuwapo hakiwezi kuharibika.

Mafunzo ya karakana za kampuni yalidumu kwa muda baada ya ukoloni. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966, na Januari 1967 mali za Union Minière nchini Kongo zilitaifishwa na kuwa za shirika la umma ambalo baadaye lilijulikana kama Gécamines. Shirika hilo liliendesha migodi, shule, hospitali na magari, na kwa miaka kadhaa lilibaki kuwa mwalimu mkuu wa ufundi katika mji. Kuanguka kwake hakukuwa kwa siku moja. Vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela kuanzia mwaka 1975, na shaba ikapoteza njia yake fupi ya kwenda Bahari ya Atlantiki. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Uporaji wa mwaka 1991 ulipita katika miji ya Katanga na kuyaacha maghala matupu. Kisha, katika 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wakikaa majuma mengi kwenye stesheni ya reli ya Likasi wakisubiri treni katika hali mbaya. Miongoni mwao walikuwamo mafundi na makarani wa shirika na wa reli, waliobeba maarifa ya vizazi viwili. Dhuluma hiyo ina mizani yake yenyewe, na haipaswi kupimwa kwa hasara ya karakana. Lakini karakana nazo zilipata hasara. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari, na ufundi wa magari ukahamia rasmi chini ya miembe na kando ya barabara.

Chini ya mwembe hakuna maabara ya maji. Fundi wa mitaani ana mikono yenye uzoefu, bisibisi na spana, lakini mteja wake ana fedha ya kufika Lubumbashi leo, si ya kubadilisha pampu. Katika hali hiyo dumu la maji lilirudi kuwa jibu la kila siku, na mara nyingine maji yenyewe yalitoka katika vijito vilivyopokea majitaka ya viwanda, yenye tindikali, salfati na chembe za shaba. Hapa kemia ina kejeli yake. Shaba iliyoyeyuka ndani ya maji, ikikutana na alumini, hujibandika juu yake na kuianzishia mashimo ya kutu. Mji ulioishi kwa shaba ukawa na maji yanayoyala magari mapya kwa sababu ya shaba.

Magari hayo yalikuwa mapya kweli kwa maana ya metali zake. Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba na kwa shaba iliyochanganywa na zinki, zikaunganishwa kwa risasi na bati, na fundi mwenye jiko la mkaa na chuma cha kulehemu aliweza kuziba tundu, kukata kijibomba kilichooza, au kufungua tangi la juu na kusukuma fimbo ndani ya matundu ili kuuondoa ukoko. Kazi hiyo ililisha familia nyingi katika miji ya ukanda wa shaba, pande zote mbili za mpaka. Kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea watengenezaji walihamia kwenye rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki, nyepesi na za bei nafuu kiwandani, ambazo hazikubali risasi wala haziwezi kufunguliwa na kufungwa tena kwa urahisi. Mlehemu wa rejeta alipoteza kazi bila kufukuzwa na mtu, na gari lililokuwa likitibiwa likawa la kubadilishiwa kiungo.

Uzito wa jambo hili uliongezeka pale shaba na kobalti zilipoanza kusafiri kwa barabara. Baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002 migodi ilifufuka, lakini reli haikufufuka kwa kasi hiyo, na malori yakawa ndiyo njia kuu: kutoka Kolwezi na Fungurume, kupitia Likasi na Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa, kisha Durban, Beira, Walvis Bay au Dar es Salaam, safari ambayo kwa njia ya Dar es Salaam hukaribia kilomita 2,000 na kupita Tunduma na mlima Kitonga. Injini za malori hayo ya dizeli zina ugonjwa ambao gari dogo haliujui sana. Silinda zake nyingi ni mirija inayoweza kuchomolewa, iliyozungukwa na maji moja kwa moja; kila mlipuko wa dizeli huitikisa mirija hiyo, na mtikisiko huo huzalisha mapovu madogo yanayopasuka juu ya chuma kwa nguvu kubwa, yakichimba vishimo hadi maji yaingie ndani ya silinda. Kinachozuia ni dawa maalumu zilizomo katika kipoozaji cha malori, ambazo hujenga ngozi nyembamba juu ya chuma. Maji matupu hayana dawa hizo, na lori linalosafiri kwa maji matupu huvuja kutoka ndani, mahali ambapo hakuna jicho la utingo linalofika.

Dalili za uvujaji wa namna hiyo zinajulikana kwa mafundi wazee: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu kwenye rejeta, mipira ya maji inayokakamaa mapema asubuhi, au oili iliyogeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa kwa sababu gasketi ya silinda imekatika na maji yamechanganyika nayo. Uvujaji wa nje ni rahisi zaidi kuuona, kwa kuwa kipoozaji huacha alama ya rangi kwenye pampu, kwenye mipira au chini ya gari, na hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za kutiwa rangi. Hatari mbili huua au kuharibu kila mwaka barabarani: kufungua kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, ambapo presha ikiondoka ghafla maji yote hulipuka kuwa mvuke usoni mwa mtu, na kumwaga maji baridi katika injini iliyochemsha, ambapo chuma kilichopanuka husinyaa kwa ghafla na kupasuka.

Rangi zenyewe zimeleta mkanganyiko wa karne hii. Magari ya Likasi yanatoka pande mbili: yale ya Japani, mengi yakiwa na usukani wa kulia ingawa Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, hupitia bandari za Afrika Mashariki na Kusini, mengine hutoka Ulaya. Kila upande ulitengeneza dawa kwa maji yake. Wajapani walipendelea fosfati na kuepuka silikati kwa ajili ya pampu zao. Wazungu wa Ulaya waliepuka fosfati kwa sababu maji yao mengi ni magumu, na fosfati ikikutana na kalisi hutua kama tope. Katikati ya miaka ya 1990 General Motors ilileta kipoozaji cha rangi ya machungwa chenye vizuia-kutu vya asidi za kikaboni, vinavyodumu miaka mingi zaidi. Toyota ina chekundu na cha waridi. Volkswagen ilihama kutoka buluu-kijani hadi chekundu na zambarau. Hakuna sheria ya dunia inayofungamanisha rangi na kemia, na kuchanganya aina zisizopatana hufupisha maisha ya vizuia-kutu, au, kama ilivyotokea kwa vipoozaji vya awali vya Volkswagen, huzaa tope la kahawia linaloziba rejeta. Kwa Likasi, mji wa mawe ya Kakontwe, jambo hilo lina uzito wa pekee: kipoozaji cha Kijapani chenye fosfati kikizimuliwa kwa maji magumu ya mahali hapo huzaa ukoko uleule ambao mnunuzi alikuwa akiukimbia. Maji ya betri, yaliyotoneshwa, yanafaa, na maji safi ya mvua, ambayo mji huyapata kwa wingi kuanzia Novemba hadi Machi, ni bora kuliko ya bomba.

Kumwaga glaikoli tupu bila maji nako si ubora, ingawa wenye fedha hudhani hivyo. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, na glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, mapema kuliko mchanganyiko wake. Sehemu moja ya tatu hadi nusu ya glaikoli inatosha katika nchi isiyo na barafu. Zaidi ya hayo, ethilini glaikoli ni sumu tamu: ujazo wa kikombe kidogo unaweza kumuua mtu mzima kwa kuharibu figo, na utamu wake humvuta mtoto na mnyama. Dumu lililobeba kipoozaji halipaswi kubeba maji ya kunywa hata likioshwa, na chupa ya soda haipaswi kutumika kukihifadhia.

Dereva wa Likasi anayesimama Mulungwishi na kuongeza maji ya kijito ili afike nyumbani hakosei, kwa kuwa injini iliyo na maji mabaya ni bora kuliko injini isiyo na maji. Anakosea kesho yake asubuhi, anapoona kiwango kimeshuka tena na kujaza tena bila kuuliza yale ya jana yalikwenda wapi. Kwa gari lenye mfumo uliofungwa, ambalo ndilo karibu kila gari lililotengenezwa katika nusu karne iliyopita, jibu la upungufu ni kutafuta tundu kwanza na kuliziba, kuusafisha mfumo wote kwa maji laini, na kuujaza kipoozaji cha aina iliyotajwa katika kitabu cha gari hilo, si cha rangi inayofanana.